Chuma Kilichotoka Pajani mwa Baba

Baba yangu alifukuliwa siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, kukiwa na manyunyu. Nalisema kana kwamba ni jambo la kawaida, na mwaka ule kweli lilikuwa la kawaida. Mto ulikuwa umehama. Huku kwetu Mwaya mto ukihama hauombi ruhusa: unakula mpunga, unakula mikakao, kisha unaanza kula makaburi. Jirani yetu alimkuta bibi yake ukingoni, nusu ndani nusu nje, na tangu siku hiyo kila ukoo wenye kaburi karibu na maji ukawa unakwenda ofisi ya kijiji kuomba kibali cha kuhamisha watu wake. Sisi upande ule tulikuwa na mmoja tu, baba.

Tulikuwa wachache. Bwana afya alikuja na glovu zake na haraka zake. Kulikuwa na wachimbaji wawili wa kukodi. Kulikuwa na baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, ambaye ndiye anayeongoza ukoo sasa, na shangazi, dada yao. Mama alikaa kwenye kigoda mbali kidogo, katikati ya migomba, kwa sababu alisema miguu haimbebi. Na nilikuwepo mimi, binti yao pekee, fundi wa kuchomelea mwenye karakana pale Kyela mjini. Wateja wakinikuta na miwani ya kuchomelea usoni huwa wananiuliza fundi yuko wapi.

Ardhi ya pale ni nyeusi na haikauki hata kiangazi. Sanduku lilikuwa limekwisha kabisa, limebaki mistari ya weusi kwenye udongo. Mifupa ilikuwa na rangi ya chai, mingine laini, ukiishika vibaya inakatika kama muhogo uliolowekwa. Mkanda wa suruali ulikuwa umeoza, kifungo chake cha chuma kimebaki donge la kutu. Nilikuwa nimejiandaa kulia na sikulia, kwa sababu hakuna kitu pale kilichofanana na baba. Ndipo koleo likagonga.

Mlio ule naujua kuliko mtu yeyote aliyekuwepo. Mchimbaji akaingiza mkono kwenye tope pembeni ya mfupa wa paja, akavuta, akakichovya alichokipata kwenye ndoo mara moja tu. Tope lote likateleza. Kikatoka kibamba cha chuma, urefu wa kiganja na nusu, chenye matundu manane, na skrubu mbili bado zimeng'ang'ania matunduni. Kilikuwa kinang'aa. Sisemi kilikuwa kisafi, nasema kinang'aa, na nilipoinama niliona uso wangu ndani yake, umebanwa na kurefuka, ukinitazama kutoka mahali alipokuwa amelala baba miaka kumi na tisa.

 Bwana afya, ambaye alikuwa akitazama saa tangu afike, aliacha kuitazama. Wachimbaji walitoka shimoni wote wawili bila kuambiwa.

Niseme kile kibamba kilifikaje pale, maana bila hilo hutanielewa. Nilipokuwa mdogo baba alianguka kutoka kwenye mchikichi akavunjika paja la kulia. Wakampeleka Mbeya, wakamfunga chuma kwenye mfupa, akarudi nyumbani anachechemea na hakuacha kuchechemea. Miaka saba alitembea nacho. Mvua ikikaribia alikuwa anasema chuma kimepoa, na kweli inanyesha. Kisha akaenda ziwani. Mama ni mtu wa ziwani, Mkisi, wa nyumba za wafinyanzi kule upande wa Matema chini ya milima, na baba alikwenda kwa mtumbwi kuchukua vyungu vya wakwe zake avilete mnadani. Upepo ukageuka. Mtumbwi ulionekana siku ya pili, yeye siku ya nne.

Walimzika siku hiyohiyo, sanduku limepigwa misumari, kwa kuwa hakuwa wa kusubiri. Mama wakati huo alikuwa kwa wazazi wake anahangaika ufukweni, akitazama upande usio wenyewe. Alipofika Mwaya alikuta udongo mbichi. Mimi nilikuwa shule ya bweni, nikafika baada ya siku mbili. Aliyemtambua baba ni baba mdogo, na tulipomuuliza alitambua nini, alisema alitambua shati.

Sasa huku, mtu akizikwa bila mkewe kumwona uso, maneno hayakosi. Wanasema hakufa, amechukuliwa. Wanasema ni msukule, yuko mahali analima mashamba ya mtu mwingine, hazeeki, hajui jina lake, anakula pumba. Na anayeweza kumtoa mtu hivyo ni wa ndani ya nyumba. Kwa miaka kumi na tisa mama yangu, mgeni wa kutoka ziwani, mtu wa kuongea Kikisi peke yake akifinyanga, aliishi na maneno hayo nyuma ya mgongo wake. Hakuna aliyewahi kuyasema mbele yake. Walimsalimia vizuri tu, mugonile, na yeye akaitikia.

Baba mdogo ndiye aliyesema wa kwanza pale kaburini. Hakupaza sauti.

"Kitu kilichokaa ardhini miaka kumi na tisa hakitoki hivi," alisema. "Hiki kimewekwa."

Shangazi akashika kichwa. Bwana afya akauliza kimewekwa na nani, na baba mdogo hakumjibu, alitazama tu kule kwenye migomba. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakaniuma. Lakini nilipogeuka na mimi kumtazama mama, nilimkuta amesimama. Miguu iliyokataa kumbeba ilikuwa inamleta. Alikuja moja kwa moja, akapokea kile kibamba kwa mikono miwili kama anapokea chakula, akakigeuza, akakitazama, na nilimwona akitabasamu. Yaani mama yangu, mbele ya mifupa ile, akatabasamu. Nilitamani ardhi inimeze na shimo lilikuwa wazi hapohapo.

Mifupa ilikusanywa kwenye chungu kikubwa cha mama, kikafunikwa, kikawekwa kwenye chumba cha nje. Mazishi mapya yalipangwa Jumamosi, kwenye kilima nyuma ya nyumba. Kile kibamba mama hakutaka kiingie chunguni. Alibaki nacho.

Mchana ule tulikuwa wawili tu, na mama akapakua sahani tatu. Wali, samaki, na sahani ya tatu akaifunika akaiweka upande wa mlangoni. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema mtu anaweza kupita. Nikamwambia mama, acha mambo hayo, na hapo ndipo aliponieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kwamba mwaka wa pili baada ya msiba, mwanamke mmoja wa sokoni alimwambia amemwona mwanamume upande wa Malawi, Karonga, anachechemea mguu wa kulia, anabeba mizigo, ukimsalimia haitikii. Kwamba yeye mama alikwenda huko mara tatu. Zile safari tatu mimi niliambiwa amekwenda kuuza vyungu. Aliniambia yote hayo akiwa anasuuza masufuria, bila kunitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata barua njema.

"Umekiona mwenyewe kilivyo," alisema. "Kitu cha marehemu kingekuwa hivyo?"

Huko nje, juu ya ziwa, nzi wa maji walikuwa wamepanda, wale wanaosimama kama nguzo za moshi mtu akadhani kuna kijiji kinaungua katikati ya maji. Nakumbuka kwamba niliwatazama muda mrefu kwa sababu sikutaka kumtazama mama.

Basi nikaamua kuwafundisha. Hilo lilikuwa kosa, maana mimi nikifundisha nafoka. Jumatano asubuhi niliwaita baba mdogo na shangazi barazani, nikamwomba mama kile chuma, nikasimama mbele yao na begi langu la kazi.

Nikawaambia hiki si chuma cha mageti. Chuma cha mageti, kile cheusi, ukikiacha kwenye mvua kinashika kutu, na kutu yake ni ya hovyo, inabanduka na kufungua njia kwa kutu nyingine, hadi geti linabaki jina. Hiki ni stenlesi. Watu wanadhani hewa haikigusi. Uongo mtupu, inakigusa mara moja. Ila ndani yake wamechanganya madini yanaitwa kromiamu, na hayo yakikutana na hewa yanatengeneza utando juu ya chuma chote. Huuoni. Ni mwembamba kiasi kwamba nikisema ngozi nimeongeza chumvi. Lakini umeshikamana, hauna upenyo, na maji yakija yanaukuta huo, si chuma chenyewe. Ukiukwangua unarudi wenyewe kabla hujatoa mkono, ilimradi hewa ipo. Hata masufuria ya alumini ya shangazi yana wa kwao, ndiyo maana hayaozi kabatini. Nikawaambia mng'ao huu mnaouogopa hauna maana kwamba kitu ni kipya. Utando tu umefanya kazi yake.

Shangazi akauliza, huo utando nani ameuona. Nikasema hauonekani. Wakatazamana. Ukweli ni kwamba nilijisikia hata mimi, nimesimama pale nawaambia kuna kitu kisichoonekana kimemlinda mtu ardhini miaka kumi na tisa, tena kinajirudisha kikijeruhiwa. Nilikuwa naongea kama wao, wallai, ila mimi nina cheti.

Kwa hasira nikachomoa brashi ya waya kwenye begi, nikaanza kukisugua kibamba mbele yao. Nikasugua kwa nguvu, upande wa juu wote, hadi kikawa na mistari. Tazameni, nikasema, nimeung'oa, na sasa hivi umesharudi. Kesho kitang'aa, kesho kutwa kitang'aa, mkikizika tena wajukuu watakifukua kinang'aa. Baba mdogo akasema tutaona. Mama akakichukua, akakisuuza, akakifunga kwenye kanga mbichi na kukiweka ndani ya chungu kidogo, mahali pa giza penye unyevu, kama anavyohifadhi udongo wake usikauke.

Ijumaa asubuhi ni shangazi ndiye aliyetaka kukiona tena. Mama akaifungua kanga. Kitambaa kilikuwa na madoa mekundu, na kibamba kilikuwa chekundu. Kilikuwa kimetoa wekundu kwenye mistari myembamba sambamba, kuanzia tundu la kwanza hadi la nane, na pale mistari ilipobanana wekundu ulikuwa umechuruzika. Shangazi alikaa chini pale alipokuwa amesimama.

Mimi mwenyewe, fundi, nilirudi nyuma hatua mbili. Sitaki kudanganya. Kwa muda wa kama pumzi tatu nilifikiri wanachofikiri wao, nikaona mgongo wa mtu shambani, mahali nisipopajua, na fimbo.

Baba mdogo alipoitwa hakuwa na shaka hata kidogo. Chuma kilikaa ardhini bila doa, kimekaa siku tatu kwa mkewe kimetoka damu. Akasema kaka yangu yuko hai na wanampiga. Akamgeukia mama, akamwambia kwa adabu yote, shemeji, kesho watu wote watakuwa kilimani. Kama yule wa chunguni ni mumeo, utatia udongo wa kwanza kama mjane. Kama unajua si yeye, usitie, lakini jua kwamba huwezi kuendelea kulala kwenye mji huu. Utarudi kwenu ziwani, na ukoo utatafuta njia ya kumpata mtu wake.

Nilisubiri mama akatae. Nilisubiri apige kelele, ajitetee, aape kwa Mungu na kanisa lake. Yeye akauliza swali moja tu, polepole, kama mtu anayeulizia basi.

"Wakichukuliwa hivyo, huwa wanaweza kurudi?"

Shangazi akaanza kulia. Baba mdogo akaondoka bila kuaga, na nilijua kwamba kwake hilo lilikuwa ungamo.

Nilikwenda kukaa peke yangu na kile chuma, na ni mistari iliyonifungua macho. Sambamba, mwendo wa mkono wangu. Jamani, ile brashi! Ile ilikuwa brashi ya mageti. Kwa miezi mingi ilikuwa inakwangua chuma cheusi, nyaya zake zenyewe ni chuma cheusi, na popote ilipopita juu ya stenlesi iliacha unga wa chuma cheusi umejipachika. Kilichoshika kutu ni ule unga. Kila fundi anajua hili. Mwanafunzi wangu akigusa stenlesi kwa brashi ya chuma cheusi namfokea hadi majirani wanatoka nje. Nina brashi mbili karakanani, ya stenlesi ina kamba nyekundu kwenye mpini, na mimi kwa kiburi cha kufundisha watu nilibeba begi bila kuangalia.

Nikachuma malimao, nikayakamua, nikakiloweka kibamba kwenye maji yake. Malimao yanakula ule unga, halafu utando unajirudishia wenyewe. Jioni kilikuwa kinang'aa tena. Nikakimbia kwa baba mdogo kumwonyesha, nikamweleza habari ya brashi, nikaomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa hiyo umemfuta damu. 

Nikafikiria nikirudi njiani. Baba mdogo alikuwa na haki kwenye jambo moja: mng'ao haukuthibitisha kitu, na kutu haikuthibitisha kitu. Kibamba kipya cha dukani kingefanya vilevile. Nilihitaji kitu ambacho kipya hakiwezi kuwa nacho. Ndipo nikakumbuka masinki ya jikoni kwenye shule moja ambayo niliitwa kuyatengeneza. Stenlesi safi kabisa, unajiona sura. Lakini nilipofungua nati, chini ya washa, kile kipete cha bati kinachokaa chini ya nati, palikuwa na vishimo vyeusi, pameliwa vibaya. Ule utando unaishi kwa hewa. Pale ambapo chuma kimebana juu ya chuma, na maji ya chumvi yamejificha katikati, hewa haifiki. Utando ukivunjika pale haurudi, chumvi inaingia na kuchimba, na juu huoni kitu.

Na mwili wa mtu ni maji ya chumvi.

Jumamosi watu walijaa kilimani. Ukoo mzima, majirani, kwaya, mzee wa kanisa. Kisanduku kidogo kilikuwa juu ya mkeka, mifupa imekwisha hamishiwa humo, chungu kitupu pembeni yake. Mama alikaa mbele, kwenye nafasi ya mjane, mgongo umenyooka, kibamba kimelala mapajani mwake juu ya kanga. Kila mtu pale alijua anasubiriwa yeye. Alikuwa mtulivu kiasi cha kunitisha. Nilimwona anatazama njia ya kutoka barabarani, zaidi ya mara moja.

Nikasimama nikaomba dakika tano. Nikasema nitafungua skrubu mbele ya wote, na aliyeniona nikifanya ujanja aseme. Nikapiga magoti kwa mama kukichukua chuma. Akaweka kiganja chake juu yake.

"Acha hiyo," alinong'ona.

Nilidhani amechoka. Nilidhani anaogopa nisije nikaharibu zaidi, baada ya mambo ya brashi, na alikuwa na kila sababu. Nikamwambia sikioni, mama, nakutoa kwenye midomo ya watu leo. Nikakiondoa kiganja chake, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Hakukaza.

Nikakiegemeza kibamba juu ya jiwe, nikaweka msumari chini ya skrubu ya kwanza, nikagonga kwa nyundo. Ilikataa. Nikagonga tena, na mlio ule ukashuka hadi kwenye mpunga. Mara ya nne ikaruka. Skrubu ya pili ikatoka kwa mapigo mawili.

Juu kuling'aa kama kioo. Chini ya vichwa vya skrubu kulikuwa na kitu kingine. Duara jeusi kila tundu, na ndani ya duara vishimo, vingine vya kuingiza ncha ya sindano, kingo zake zimesagika upande mmoja. Nikampa baba mdogo kwanza. Nikamwambia apitishe ukucha. Nikamwambia, hiki hakijatoka dukani. Hapa palikuwa na maji ya mwili, hewa haikufika, na skrubu ilikuwa inasuguana na kibamba. Ardhini hakuna kinachosugua, ardhini kitu kimelala. Huku kusagika ni kwa kutembea. Kila alipokanyaga, chuma kilicheza kidogo, utando ukakwanguka, na hapakuwa na hewa ya kuurudisha. Tazama umesagika upande mmoja tu. Huyu mtu alitembea na hiki kwa miaka, na alikuwa anachechemea.

Baba mdogo alipitisha ukucha. Alivua kofia. Alipoinua uso, yule mzee alikuwa analia wazi mbele za watu, na akasema kwa Kinyakyusa kwamba ni kaka yake, ni yeye. Kikapita mkono hadi mkono. Wanawake waliokuwa wameacha nafasi kumzunguka mama walisogea. Shangazi alikuja kwa magoti, akamshika mama miguu, akamwomba msamaha kwa miaka yote. Mimi nilisimama na nyundo yangu nikihema. Niseme kweli, nilikuwa na furaha. Nilijiona nimeshinda.

Mwisho kikarudi kwa mama. Yeye hakutumia ukucha. Alipitisha ncha ya kidole, kile kidole cha kati anachotumia kusikiliza mdomo wa chungu kama uko sawa, akakizungusha ndani ya kila tundu, tundu la kwanza, la pili. Alikaa hapo kwenye la pili. Kisha akakiweka chuma ndani ya kisanduku pamoja na mifupa, na kiliposhushwa kaburini akainuka bila kusaidiwa, akachota udongo kwa mikono miwili na kuutia. Ndipo kwaya ikaanza.

Watu walikula, wakashukuru, ndaga fijo, wakaondoka. Baba mdogo alitangaza kwamba mji ule ni wa mama hadi Mungu amchukue, na asiyetaka asikanyage. Ilipofika jioni tulibaki wawili. Mama akapakua sahani mbili. Nilizihesabu. Alikula kidogo, akasogeza sahani yake, na ndipo aliponitazama, mara ya kwanza tangu kilimani. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo, maana hasira naijua.

"Nilikuambia uache," alisema.

Nikamwambia mama, walikuwa wanakufukuza, walikuwa wanakuita mchawi.

"Walikuwa wananiita mchawi," akasema, "na nilikuwa na mume."